Bata wa Mtungini

Barrackpore, Trinidad
4 Agosti

Mpwa wangu Anjanie,

Katika kisiwa hiki kizima, kuanzia mawe ya Toco mpaka matope ya Icacos, hajazaliwa mtu wa kunishinda kwa bata wa bizari. Mara saba nimebeba kombe la mapishi ya mtoni, saba mfululizo, majaji wakila huku machozi yanawatoka.

Haya, mara mbili. Na hiyo ya pili jaji alikuwa shemeji yangu. Na machozi yalikuwa ya pilipili. Lakini kombe lipo, natunzia misumari.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza bila miwani, nikadhani unaolewa. Mara ya pili na miwani, nikaona kumbe ni makubwa zaidi: kampuni yako huko Singapore inaotesha nyama ya bata ndani ya matangi, kama mtu anavyogandisha mtindi, bila bata kuchinjwa. Mara ya tatu ndipo nikaona jina langu. Mnataka hekalu letu liwe la kwanza huku kuila hiyo nyama, mwezi wa Novemba, siku ya mwisho ya yagya, watu wakiwa wamemaliza kusikiliza kitabu kitakatifu siku tisa. Mpishi niwe mimi, na sura yangu ibandikwe kwenye boksi. Pandit Doodnath, kuhani wetu, ameshakubali, kwa kuwa mmemwahidi paa jipya la hekalu.

Jibu langu ni hapana, mama. Miaka thelathini na moja sijatia nyama mdomoni, wala samaki, wala yai. Sababu unaijua. Mkaza mjomba wako Phulmatie alipolazwa San Fernando, na madaktari wakaanza kunong'onezana, nilimwambia Mungu: chukua ninachokipenda kuliko vyote, niachie huyu. Nikampa bata. Akaniachia Phulmatie miaka ishirini na mitano mingine, na ulimi wake wote, haukupungua hata neno moja.

Ila nina swali, maana nilifuga bata kabla hujazaliwa. Kila kinachokua hunywa. Bata hunywa maji ya mfereji, mtoto maziwa, mjomba wako chai. Huyo bata wenu wa mtungini anakunywa nini?

Niandikie, usipige simu. Masikio yangu yamefunga duka.

Mjomba wako mkaidi,
Jagroop


Singapore
22 Agosti

Sita Ram, Mjomba,

Nimecheka mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Halafu nikakasirika, kwa sababu katika ukoo mzima wewe ndiye ungepaswa kunielewa.

Nilikuwa na miaka tisa Mama aliponituma kwa wachinja bata pale njia panda. Yule muuzaji akaniambia, "Chagua, binti." Nikachagua, kwa kidole hiki. Bata akanitazama. Tangu siku ile sijala kiumbe. Miaka ishirini na mbili nimewaambia watu waache, na hajaacha hata mmoja. Mama mwenyewe anapika bata kila Jumapili na kuniambia nile mchuzi tu. Nimechoka kuhubiri. Nikaona, kama hawaachi nyama, basi tuwape nyama isiyo na kilio ndani yake. Hii imetoka kwenye yai moja, Mjomba. Moja tu, na nyama yake haijaisha mpaka leo.

Na nadhiri yako iko salama. Si wewe uliyenifundisha kwamba chakula cha hekaluni mpishi haonji, kwa sababu kikishaguswa na ulimi wa mtu hakifai tena kupewa Mungu? Miaka yote unapika kwa pua. Hiki pia kipike kwa pua.

Mwenzangu Hui Min anakuja huko kuonana na Pandit. Atakuletea boksi la barafu. Pika kidogo tu, unuse, halafu uniambie.

Kuhusu swali lako: seli hulishwa mchanganyiko wa sukari, chumvi na virutubisho vingine. Usijisumbue na hayo.

Mpwa wako akupendaye,
Anjanie


Barrackpore
11 Septemba

Anjanie,

Hui Min amefika. Msichana mwembamba kama uzi, mwenye adabu. Nilimpa chapati ya dengu na mchuzi wa embe, akala nne, akainama kushukuru mpaka nikaogopa atavunjika.

Nilifungua boksi. Vipande vimekatwa sawasawa kama sabuni. Mfupa hakuna. Bata bila mfupa ni harusi bila ugomvi, lakini haya. Nikawasha kuni uani. Nikakaanga bizari mpaka ikanuka, nikatia kitunguu saumu, majani ya shadobeni, pilipili moja nzima, kisha kile kitu chenu. Mama we! Harufu ilipanda ikaruka ua. Jirani Soogrim akatokeza kichwa:

"Jaggo! Umefufuka au umekufuru?"

"Napika shelisheli."

"Shelisheli lenye mabawa?"

"Rudi kwako, Soogrim."

"Nije na sahani au nije na pandit?"

Nilisikia kila neno. Akitaka kula, Soogrim hupiga kelele hata maiti ageuke.

Kikaiva. Sikuonja. Nikampa mbwa. Alikula, akalamba midomo, akalala. Basi habari ndiyo hiyo: mbwa amekubali, mimi nimekataa.

Na "virutubisho vingine" ni nini? Niliacha shule darasa la nne, lakini kuhesabu tulifundishwa darasa la pili. Sukari, moja. Chumvi, mbili. Cha tatu?

Jagroop


Ofisi ya Hekalu
16 Septemba

Ndugu Jagroop,

Nakuandikia kwa kuwa kusema nawe ni kusema na jiwe, kwa sababu za kitabibu na nyinginezo.

Suala la chakula kipya nimelitafakari kwa kina. Roho haikutolewa, kwa hiyo dhambi haipo. Mabango yameshachapwa na jina lako limo: "Jikoni, Bwana Jagroop Sirju." Kama hutaki kupika, atapika mwingine, na jina litabaki lilipo, kwa sababu watu wamelizoea. Lakini hapo utarudisha ufunguo wa jiko la hekalu uliokaa nao miaka ishirini na minane.

Wako katika utumishi,
Pandit R. Doodnath


Nyuma ya karatasi hiyohiyo

Baba,

Umetafakari kwa kina. Kina cha paa?

Ufunguo ninao shingoni. Njoo uuchukue mwenyewe, ila njoo na msaidizi. Masufuria makubwa mawili ni ya marehemu mke wangu, hayo usiyaguse hata katika maombi.

Jina langu litoe.

J.


Singapore
29 Septemba

Mjomba,

Pandit amemwandikia bosi wangu kwamba umemtukana. Bosi akaniita mbele ya watu sita. "Si ulisema ni mjomba wako? Si ulisema atakubali?"

Ungeniambia hukukipenda, ningevumilia. Lakini mbwa! Miaka saba ya kazi yangu unamtupia mbwa, halafu unanicheka. Unajua ninavyofikiri? Unaogopa. Umejizoesha kuwa mtakatifu wa Barrackpore, na sasa kimekuja kitu ambacho kila mtu anaweza kula bila dhambi, na utakatifu wako umekosa wanunuzi.

Jana nilimlalamikia Mama kwenye simu. Akasema, "Mbwa gani? Mbwa wa kaka alikufa tangu sikukuu ya Phagwa. Mimi mwenyewe nilikuwepo anazikwa."

Sasa nani alikula, Mjomba?

Anjanie


Barrackpore
10 Oktoba

Anjanie,

Mimi.

Mama yako hajawahi kutunza siri tangu azaliwe. Alizaliwa akipiga kelele na hajanyamaza.

Nilianza na kijiko kimoja, nikijidai naangalia chumvi. Chumvi nilijua imekolea. Kijiko cha pili sikujidai kitu. Baada ya hapo nilikula sufuria lote, nimesimama, kama mwizi, nikafuta na chapati mpaka chuma kikang'aa. Kisha nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Sikumlilia bata. Hakuna bata. Nililia kwa sababu kilikuwa kitamu na Phulmatie hayupo. Sikiliza vizuri, wewe uliyesoma: nadhiri yangu haikuwa ya kisu. Sikumwambia Mungu "sitaua." Nilimwambia "sitaonja." Kilichomponya yule mwanamke, kama kipo kilichomponya, ni ile hamu niliyokaa nayo kila Jumapili harufu ikitoka kwa Soogrim na mimi nikitafuna boga. Hamu ndiyo ilikuwa sadaka. Nanyi mmekuja na dawa ya hamu. Mnataka mtu afunge huku ameshiba.

Kazi yako siikatai. Wapelekee walaji wa bata! Mpelekee mama yako, mpelekee Soogrim, ili visu vipumzike. Dawa hupewa mgonjwa. Mbona mmeanza na sisi tuliokwisha kupona? Mimi nakwambia kwa nini. Mnataka muhuri. Hekalu likishakula, nani tena atauliza?

Basi mimi nauliza, mara ya tatu. Nimevua nguo zote mbele yako, mzee wa miaka sabini na minane, na si jambo zuri kutazama. Mficha uchi hazai. Zamu yako. Anakunywa nini?

Jagroop


Singapore
24 Oktoba

Mjomba,

Damu. Majimaji ya damu ya ndama.

Ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa machinjioni, ndama hutolewa tumboni, na damu huvutwa kutoka moyoni mwake. Ikichujwa inabaki kama chai nyepesi. Seli hukua kwayo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Si lazima iwe hivyo. Wapo wanaolisha seli zao vitu vya mimea peke yake. Sisi pia tunacho chakula cha mimea, nimekitengeneza mimi, na mwaka jana kilifanya kazi, polepole. Mwaka huu matangi mawili yaliharibika. Novemba ilikuwa inakuja. Nikaambiwa turudi kwenye damu, mara hii moja, kwa ajili ya Trinidad. Nikatia saini. Kwenye boksi imeandikwa "Hakuna bata aliyeuawa." Sentensi hiyo niliiandika mimi. Niliisoma mara nyingi na kila mara nilijiambia: ni kweli.

Nilijua ni ng'ombe. Nilijua mtakaokula ni nyinyi. Nilipomkabidhi Hui Min boksi lako nilijiambia, Mjomba hataonja, yeye anapika kwa pua.

Nilisaini pia kwamba sitasema. Nikisema, kazi imekwisha, na kibali cha kukaa hapa kimekwisha, na kile chakula cha mimea ambacho ndicho ninachokiamini kitabaki mikononi mwa watu wasiokijali.

Ichome barua hii.

Anjanie


Barrackpore
1 Novemba

Anjanie,

Sijaichoma.

Kwanza nilikwenda nyuma ya nyumba kutapika. Nilichelewa miezi miwili, hakikutoka kitu. Halafu nikakutukana kwa sauti. Nashukuru ni kiziwi, sikujisikia, ila Soogrim alifunga madirisha. Matusi yameisha. Sasa tuseme.

Tarehe kumi na tano watu mia tatu watakaa chini, kila mmoja na jani lake la sohari badala ya sahani, watanyoosha mkono wale bila kuuliza, kwa sababu bango linasema Jagroop yuko jikoni. Hivyo ndivyo wamefanya miaka ishirini na minane. Wananiamini mimi kuliko wanavyomwamini Pandit, na wana haki, Pandit hajawahi kuwapikia. Bibi Rookmin ana miaka tisini. Yai hajaonja. Atakula ng'ombe kwa jina langu.

Ya kwangu nitayasema, hilo halina mjadala. Nitasimama niseme nilikula, na Pandit akitaka apasuke. Lakini ya damu nikisema mikono mitupu, watasema mzee anagombania jiko. Nikisema nikiwa na barua yako mkononi, watanisadiki, na wewe umeangamia.

Sitakuamulia. Ulinipa ukweli kwa kuniamini, na mimi si Doodnath. Nipe au ninyime. Ukininyima nitalala mlangoni mwa jiko, wapite juu ya tumbo langu na masufuria yao, mto wa kulalia nimeshauchagua. Na wewe nitakupenda vilevile, ila nitakuwa nakupenda huku nimenuna.

Fanya haraka. Tuma kwa ndege, si kwa kobe.

Jagroop


Singapore
9 Novemba

Mjomba,

Isome. Isome yote, na jina langu, na jina la baba yangu, wasije wakadhani ni Anjanie mwingine.

Bosi nimempa nakala asubuhi hii, mkononi. Sikutaka aisikie kwa Pandit.

A.


Barrackpore
17 Novemba

Mpwa wangu,

Mama yako amesema wamekupa mpaka mwisho wa mwezi uondoke. Ameniandikia kwa herufi kubwa, nadhani alikuwa ananipigia kelele kwa kalamu. Basi nikusimulie ulichokinunua, maana hukuwepo kukiona.

Pandit alimaliza kusoma. Watu wakakaa chini, majani yakatandazwa. Mpishi waliyemleta kutoka mjini akatoka na sufuria, kofia nyeupe kichwani kama kisahani cha bati. Nikasimama mbele yake. Nikasema, "Ndugu zangu, mimi nimekula hiki kitu. Nimekula sufuria zima, na ni kitamu. Sasa nisikilizeni kilichokilisha." Nikafungua barua yako.

Unanijua nikisoma. Nasoma kwa kidole, neno moja, napumzika, neno jingine. Nilipofika kwenye ndama, Pandit akapiga kelele, "Zimeni kipaza sauti!" Wakazima. Anjanie, kiziwi ana haja gani na kipaza sauti? Nikaongeza sauti mpaka kuku wa Soogrim wakatawanyika. Pandit akaja mpaka puani pangu.

"Jagroop! Umekula nyama kwa kinywa chako. Huna haki ya kusimama hapa!"

"Ndiyo, Baba. Wewe hujaila. Kwa nini? Chukua jani, ukae, uwe wa kwanza."

Akatazama sufuria. Akatazama watu. Watu wakamtazama yeye. Hakukaa.

Bibi Rookmin akainuka, na kuinuka kwake ni safari. Akakunja jani lake akalitia kwapani, akaniuliza, "Jagroop, boga lipo?" Nikamwambia lipo, na shelisheli la mbegu lipo, na mchuzi wa karhi, na wali, nimepika tangu alfajiri kwangu ng'ambo ya barabara, ndani ya masufuria ya Phulmatie. Akaanza kutembea. Wengine wakainuka na majani yao.

Usidhani ni wote. Nusu, labda nusu na kidogo. Waliobaki walibaki kugombana kuhusu paa, na wapo wanaosema nimelitia hekalu aibu, na kwamba wewe ni msaliti uliyeiuza kampuni iliyokulisha. Kaka wa Soogrim hanisalimii. Lakini chakula kile hakikuguswa na mtu. Mabango yamechanwa. Soogrim peke yake alikwenda na ndoo akasema yeye si mtakatifu na hajawahi kujidai, wampe yeye. Wakampa. Hiyo ndiyo dawa kumfikia mgonjwa, na ni kazi yako, usiseme haikufika popote.

Pandit alikuja jioni na msaidizi, kama nilivyomshauri. Ufunguo niliuvua mwenyewe. Shingo imebaki nyepesi, inanikera. Ananitaka nifanye toba ya siku arobaini nikiwa nimekaa nyuma kabisa. Nimemwambia kwa kiziwi nyuma na mbele ni sawa. Nadhiri yangu nimeianza upya na Mungu, bila mtu wa kati. Leo ni siku ya sitini na nane tangu sufuria lile. Jana kwa Soogrim walipika bata wa kweli, na hamu imerudi nzima, haina hata mkwaruzo. Nimefurahi kuiona.

Usiniombe radhi tena. Uliniambia ukweli ukijua utakugharimu nini, na ulinipa ruhusa kwa mistari mitatu. Wapo wanaume wenye vilemba ambao hawajawahi kuandika mistari mitatu kama ile. Na kile chakula chako cha mimea, si kimo kichwani mwako? Kichwa hicho hawawezi kukinyang'anya uwanja wa ndege. Kibebe uje nacho.

Ila ukija, unakuja na deni. Ulipokuwa na miaka sita ulianguka kwenye uzio wa michongoma, nikakaa nawe barazani kutwa nzima nikikutoa miiba kwa sindano, mmoja mmoja, kumi na tisa, na wewe ukinipiga mateke ya kifua. Uliapa ukiwa mkubwa utanilipa. Sasa umekuwa mkubwa, na mimi siwezi tena kuinama. Kucha za miguu zimenishinda, zinachana shuka. Mama yako nimemwomba, amecheka. Njoo na mkasi mzuri, unikate kucha. Miguu yote miwili.

Jagroop